Granola Yangu Ilimlaza Dadangu Njaa

Wasee, kabla tuingie jikoni leo, kuna kitu lazima nikiri.

Kama umekuwa hapa kwa muda, unaikumbuka ile video yangu ya granola ya mwaka jana. Meza ya mbao, mwanga wa asubuhi ukipita dirishani, lozi zikimwagika polepole kwa bakuli jeupe. Hakuna video yangu nyingine imewahi kupendwa vile. Na juu yake niliandika kwa herufi kubwa: KULA VIZURI HAKUHITAJI PESA NYINGI.

Meza haikuwa yangu. Dirisha halikuwa langu. Oveni ilikuwa ya rafiki anayeishi Kileleshwa, na asali pia ilikuwa yake. Lozi nilinunua na pesa niliyofuliza. Mimi naishi bedsita Roysambu, mahali meko ya kilo 6 na kitanda vinagombania ukuta mmoja. Oveni ninayo kwa ndoto. Ukijumlisha kila kitu kilichoonekana kwa ile video, oti, lozi, korosho, asali, mafuta ya nazi, hesabu inafika karibu elfu mbili. Sikuitaja hata mara moja. Nilitaja tu kwamba "ukigawanya kwa siku" ni bei rahisi.

Sasa, dadangu mdogo yuko chuo Eldoret. Ni shabiki wangu wa kwanza, yule wa kupenda video kabla hata haijamaliza kufunguka. Aliona granola, akaamua naye ameachana na maisha ya mandazi. Mathe alikuwa amemtumia elfu mbili, pesa ya chakula ya wiki mbili. Akaingia supa na orodha yangu mkononi, akanunua kila kitu isipokuwa korosho. Kwa vile hakuna oveni hosteli, akakaangia kwa koili ya mwenzake wa chumba. Nusu ikaungua, nusu ikabaki mbichi. Akala hivyo hivyo. Asubuhi granola na maziwa, mchana granola kavu, usiku granola na maji kwa sababu maziwa yalikuwa yameisha.

Siku ya tano akanipigia. Hakunilaumu, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Aliniuliza tu, kwa ile sauti ya mtu anayejaribu kuchekacheka, "Si una mia tatu hapo unitumie? Ile kitu yako imenimaliza doh."

Kumbe usiku wa kuamkia hiyo siku alikuwa amelala bila kula. Na mimi huo usiku nilikuwa nahesabu watu wangapi wameangalia video.

Kwa hivyo hii ya leo ni granola tena, lakini granola ya mtu anayelipa kodi ya bedsita, na bei zote ziko wazi kuanzia ya kwanza. Na nina maneno kuhusu sisi tunaowafundisha nyinyi kula.

Kwanza tuondoe woga, kwa sababu jina lenyewe linasikika kama la mtu wa Karen mwenye mbwa watatu. Granola ni nafaka iliyokaushwa kwa moto pamoja na njugu, mbegu, mafuta kidogo na kitu kitamu, mpaka iwe inavunjika ukiiuma. Hakuna siri nyingine. Wazo lilitoka Marekani. Mwaka wa 1863, daktari mmoja, James Caleb Jackson, aliyekuwa na kituo cha kutibu watu mji wa Dansville, jimbo la New York, alioka unga wa ngano isiyokobolewa, akauvunja vipande, akauoka tena. Akauita Granula. Ulikuwa mgumu mpaka ilibidi uulaze kwa maziwa usiku kucha ndio meno yaweze kuutafuna. Baadaye John Harvey Kellogg, kule Battle Creek, Michigan, akaja na yake, akaipa jina lile lile, kukazuka vita, akabadilisha herufi moja. Ndiyo tukapata granola. Yaani hata enzi hizo watu walikuwa wanaibiana kontenti.

Ikasahaulika sahaulika, halafu mahipi wakaifufua miaka ya 1960. Kwa tamasha la Woodstock, 1969, umati ulipozidi chakula kilichokuwepo, vijana waligawiwa granola bure kwa vikombe. Hebu fikiria. Chakula cha bure cha watu walionyeshewa wakiwa shambani, leo kimewekwa kwa rafu ya juu ya supa, pakiti ya nusu kilo mia nane, na sisi tunaipita tukiiangalia kama simu mpya.

Na si eti huku kwetu hatukuwa na hiyo akili. Dana yangu Homa Bay alikuwa anakaanga njugu na simsim, anazichanganya, anakujazia mfuko wa suruali ukienda kuchunga ng'ombe. Kuna wakati njugu inaingia kwa nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa, unakula ukiwa umesimama mpaka jioni. Hakuna mtu aliyepiga picha. Hakuna mtu aliyesema ni "chakula safi". Ilikuwa tu chakula, na njugu ilitoka shamba la nyuma ya nyumba.

Hapo ndipo hii mambo ya bajeti huanza kunichoma. Hebu tufanye hesabu kwa sauti.

Hii ndiyo orodha yangu ya mwisho wa mwezi uliopita, vitu nilivyonunua mimi mwenyewe, nyingine Nyamakima na nyingine duka la hapa chini. Bei yako inaweza kupanda au kushuka kidogo. Oti nusu kilo, zile nafaka bapa za pakiti tulizozijua kwa uji mweupe, shilingi 210. Njugu mbichi robo kilo, 70. Simsim gramu 100, 40. Mbegu za malenge gramu 50, shilingi 50. Sukari vijiko vitano vikubwa, kama shilingi 10. Mafuta ya kupikia vijiko vitano, 25. Mdalasini wa kumi. Chumvi sihesabu. Jumla ni 415, na gesi ya nusu saa kwa moto mdogo naiwekea shilingi 10 nyingine ndio nisije nikaitwa mwongo tena.

Hiyo inatoa kitu kama gramu 950. Nusu kikombe ni gramu 60 hivi, kwa hivyo unapata asubuhi kumi na sita hivi, moja ikikaribia shilingi 26 au 27. Ongeza maziwa ya shilingi 24. Umefika hamsini.

Chai ya maziwa na mandazi tatu pale kwa mama wa kona? Hamsini.

Sare! Kwa hivyo shida iko wapi? Mbona sote hatuli granola ya njugu na simsim badala ya ngano na mafuta yaliyokaangiwa tangu Jumatatu?

Shida ni kwamba mandazi haikuombi 415 asubuhi moja. Mandazi inakuomba hamsini leo, na kesho Mungu akijalia. Huo ndio uchumi wa kadogo ambao sisi wote tumekulia: mafuta ya kupimiwa kwa kikombe, sabuni ya kukatiwa, token za stima za hamsini, bando ya saa moja. Mtu anayepata mia tatu kwa siku akishusha mizigo hakosi akili ya lishe. Anakosa 415 zilizokaa pamoja mahali pamoja bila kazi nyingine. Na mtu kama mimi akitokea kwa skrini na kusema "ukigawanya kwa siku ni shilingi 26 tu", anamtusi. Hakuna duka linakuuzia siku moja ya granola kwa 26. Lazima ulipie siku zote kumi na sita kabla ya kula ya kwanza.

Ndiyo maana nasema hii bila kumung'unya: mtu yeyote anayekupa mapishi ya "bajeti" na hakwambii pesa inayotoka mfukoni siku ya kwanza, na vyombo anavyotumia, amekuficha kitu. Nilifanya hivyo. Wengi wetu tunafanya hivyo bado. Kamera inapenda chupa ya kioo, na hakuna mahali pa kuonyesha Fuliza.

Msiniambie pia kwamba hii ni siasa na nirudi jikoni. Sisi ndio kizazi kilichoona Muswada wa Fedha wa 2024 ukitaka kuweka VAT ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia. Watu walijaa barabarani. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Chenye ubora. Si kujaza tumbo tu. Hiyo sehemu ya pili huwa tunaisahau, tunadhani mboga na njugu ni za watu waliofaulu maisha.

Haya, jikoni. Unahitaji sufuria moja yenye kitako kizito, mwiko, na sinia. Kama sufuria yako ni nyembamba kama zangu za kwanza, weka moto mdogo kabisa na usiende popote. Namaanisha popote. Nimewahi kuunguza kilo nzima kwa sababu ya simu ya dakika moja.

Anza na njugu peke yake, bila mafuta. Geuza geuza dakika kumi hivi mpaka maganda yaanze kutoka na ukiuma moja iwe imekauka ndani. Mimina kwa sinia, ikipoa sugua kwa viganja, pepeta maganda dirishani (jirani wa chini atanisamehe), kisha zipondeponde kidogo na kitako cha kikombe. Rudisha sufuria, weka mbegu za malenge na simsim. Simsim ni ya kuchunga sana: ikianza kurukaruka na kunukia, toa. Dakika mbili, tatu. Halafu oti, kavu, dakika nane hadi kumi, ukikoroga bila kupumzika, mpaka chumba kinuke kama biskuti na rangi iwe kama ya mchanga wa ufuoni.

Weka hizo zote kando. Kwa sufuria ile ile tia mafuta, sukari, maji vijiko viwili, mdalasini, chumvi kidogo. Sukari ikiyeyuka na kuanza kutoa povu, rudisha kila kitu, changanya haraka ndio kila punje ipate kuvaa. Endelea kwa moto mdogo dakika tano, maji yakauke. Mimina kwa sinia na uikandamize na kitako cha kikombe kama unapiga chini sakafu ya udongo. Sasa usiiguse. Hapa ndipo wengi wanaharibu, wanaanza kuonja na kukoroga, halafu wanauliza mbona yao haikushikana. Inashikana ikipoa. Ipe saa moja, kisha ivunje.

Zabibu kavu ukiwa nazo weka mwishoni, kila kitu kikiwa baridi. Na usifunge mkebe granola ikiwa na joto, mvuke unabaki ndani na wiki ya pili utapata ukungu. Mimi naweka kwa mkebe wa siagi ya njugu ulioisha, nimeuosha na kuukausha juani. Inakaa wiki mbili, tatu bila neno, na huwa haifikishi.

Hujafika 415? Basi usinunue siku moja. Mbegu za malenge ni bure kama mnapika malenge kwenu, watu wanazitupa na matumbo yake. Osha, anika. Simsim ya ishirini wiki hii, njugu ya thelathini wiki ijayo. Na oti, ambayo ndiyo imebeba nusu ya bei, si lazima. Tafuta mbegu za terere, zile ndogo za rangi ya mchanga. Pasha sufuria kavu mpaka iwe moto kweli, tia kijiko kimoja tu, funika, tikisa. Zinapasuka kwa sekunde kama bisi za sisimizi. Kijiko baada ya kijiko. Inachosha mkono lakini inakupa granola nyepesi na yenye ladha kuliko ile ya pakiti, na sisemi hivyo kwa ajili ya uzalendo.

Sasa njugu. Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu hii ndiyo sehemu hakuna mtu huweka kwa video.

Njugu na mahindi vikihifadhiwa vikiwa na unyevu, hushikwa na kuvu linalotoa sumu inayoitwa aflatoksini. Wakenya tunaijua hii. Mwaka wa 2004, kule Ukambani, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye hiyo sumu, na 125 wakafa. Na hata ukiila kidogo kidogo kwa miaka mingi, inahusishwa na saratani ya ini. Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba kukaanga hakuiondoi. Inaweza kupungua, haiishi. Kwa hivyo ile mazoea ya kununua njugu za bei ya kutupa kwa sababu "si nitazichoma tu" iache.

Kabla ya kuwasha moto, mwaga njugu kwa sinia na uzichague kama dana alivyochagua mchele. Iliyokunjamana, toa. Yenye madoa meusi au kijani, toa. Iliyovunjika na kubadilika rangi ndani, toa. Na ukitafuna moja ikawa chungu, tema, usimeze kwa aibu. Nunua kwa mtu anayeuza haraka, mwenye gunia linaloisha na kufunguliwa lingine, si yule mwenye njugu zilizokaa dirishani juani tangu uchaguzi. Ukifika nyumbani weka mahali pakavu. Chini ya sinki si mahali pakavu. Hii kazi ya kuchagua inakula dakika kumi, na robo kilo yangu huwa inapoteza kiganja kimoja. Naona uchungu kila mara, halafu natupa.

Na tukiwa bado kwa njugu: kuna watu miili yao haizitaki kabisa, wanavimba midomo, pumzi inakatika. Usimpikie mgeni bila kuuliza.

Jambo lingine lililonifanya nibadilishe mapishi ni mathe. Miaka miwili iliyopita aliambiwa ana sukari. Mimi, mjuaji, nikamwambia aache sukari atumie asali kwa chai, kwa sababu asali ni ya asili. Akatumia, vijiko vitatu kwa kikombe. Kliniki muuguzi akamuuliza nani alimfundisha hayo, mathe akasema, "Mtoto wangu anafundisha watu chakula kwa simu." Nilitamani ardhi ipasuke.

Asali ni tamu kwa sababu ina sukari. Shirika la Afya Duniani linaihesabu kundi moja na sukari ya mezani, na linashauri kwa siku nzima tusipite asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa chakula, na ikiwezekana tushuke hadi asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko vidogo sita. Hivyo sababu ya kulipa 450 kwa asali ni ladha yake, na kama pesa ipo, kula, ni tamu kweli. Lakini usiinunue ukidhani umenunua afya. Granola yangu ina sukari ya kijiko kimoja kidogo kwa kila nusu kikombe. Geuza pakiti ya supa usome nyuma, utaona wengine wanaweka ngapi. Wakati mwingine sukari ni ya pili kwa orodha, kabla hata ya njugu, na mbele wameandika afya.

Nusu kikombe, nimesema. Granola si bisi za kutazamia filamu. Ina mafuta na njugu, inajaza, na ukila bakuli lile nililoonyesha kwa video ya kwanza umekula asubuhi nne kwa mkupuo mmoja.

Na sasa nitaharibu biashara yangu mwenyewe: kama lengo lako ni kula vizuri kwa pesa kidogo kabisa, granola si namba moja. Uji wa wimbi unaipita. Ukijipikia, kikombe kikubwa hakifiki shilingi 15, na wimbi ina kalisi kuliko nafaka karibu zote tunazokula hapa, gramu mia moja zina zaidi ya miligramu 300. Tumeudharau kwa sababu ulikuwa wa shule, wa kikombe cha plastiki na foleni. Juu yake ukinyunyiza kijiko cha njugu na simsim zilizokaangwa, hiyo ni kiamsha kinywa ambacho hoteli ingekutoza mia sita na kukipa jina la Kifaransa.

Hivyo hivyo na chakula kingine. Omena ya hamsini kwa nyanya na kitunguu, na unakula na mifupa yake, ndiyo yenye hiyo kalisi. Ndengu. Githeri, kitu kilichofanyiwa mzaha kote mitandaoni tangu 2017, mahindi na maharagwe vinavyokamilishana protini kwa namna ambayo unga wa kubusti mwili hauna la kukuambia. Avokado msimu wake ukifika. Sukuma isiyochemshwa mpaka ikafa. Sina haja ya kuendelea, mnavijua. Shida yetu ni kwamba havipigiki picha vizuri, na sisi wenye kamera tumewafundisha kwamba chakula kisichopigika picha ni cha kuonewa haya.

Mimi bado napenda granola. Napenda mlio wake mdomoni, napenda kubeba kwa mfuko kwenye mathree ya saa kumi na mbili wakati kila mtu ananukia usingizi. Sitaki kujifanya nimeokoka. Nataka tu uijue bei yake kabla uanze.

Ile video ya kwanza nimeitoa. Nilikuwa nimeambiwa na watu wa kazi hii kwamba hutoi video inayoleta watu, lakini kila nikiiona nilikuwa nasikia "Si una mia tatu hapo unitumie."

Dadangu naye hakuacha granola, huyo ni mkaidi kama mathe. Siku hizi wako wanne kwa chumba, kila mmoja anatoa mia na tano, wanapika jioni ya Jumapili, wanagawana kwa kikombe mbele ya macho ya wote ndio kusiwe na kesi. Kila mtu asubuhi nne, siku zilizobaki ni uji. Juzi alinitumia picha ya sufuria, haikuwa na mwanga mzuri hata kidogo. Nikamwambia naona njugu zimeungua upande, apunguze moto. Akanijibu kwamba wiki hii wametoa oti wakaweka terere, imebaki tisini na kitu ya kununua maziwa, na nisimfundishe kazi.